Uzi maalumu: Miradi ya vitendo kwa wanafunzi, wapeni kazi ambayo kuna mtu anaisubiri

Mwalimu_Karakana (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka arukie mifano.

Mimi ni mwalimu wa sayansi na ufundi. Kila shule siku hizi inasema ina miradi ya wanafunzi, lakini mingi ninayoiona ni bango la manila lenye picha zilizobandikwa, au mfano wa mfumo wa jua ambao mzazi ameutengeneza usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Mwalimu anatia alama, kazi inaingia kabatini, mwaka ukiisha inatupwa. Ukimuuliza mtoto sasa anajua kufanya nini ambacho mwanzo hakukijua, anabaki kukutazama. Inaniuma, maana muda uleule ungeweza kumwachia ujuzi.

Msimamo wangu ni huu: mradi unakuwa wa kweli pale anapokuwepo mtu, mbali na mwalimu, anayeisubiri kazi hiyo ili aitumie. Karakana nzuri ni neema, kompyuta pia, ila pasipo mtumiaji vyote vinaishia kutoa mapambo.

Chukueni benchi. Darasa moja linaambiwa: chongeni benchi kwa vipimo hivi. Darasa jingine linaambiwa: wale wadogo wa darasa la kwanza hawana pa kukaa wakisoma, watengenezeeni benchi. Hili la pili linakwama papo hapo, kwa sababu halijui kiti kiwe na kimo gani. Inabidi waende wakawapime watoto, kutoka unyayoni hadi nyuma ya goti, waandike namba, watafute wastani. Wakiupata wanafurahi. Wanapanga matofali kwa kimo hicho, wanawaita watoto wakae kwa majaribio, na karibu nusu yao miguu inaning'inia. Hapo ndipo wanafunzi wanaelewa wastani ni kitu gani hasa. Kwa kimo cha kiti unawaangalia wafupi, kwa kuwa mrefu anaweza kukunja miguu lakini mfupi hawezi kurefusha yake. Kwa upana unageuza, unawaangalia wenye maumbo makubwa. Ubaoni mada hiyo huwa inapita tu. Baada ya benchi inakaa.

Mfano wa pili ni wa umeme. Mwanafunzi anataka kuwasha taa ndogo nyekundu ya LED kwa betri ya volti 9. Taa inatumia takriban volti 2, na mkondo tunataka usizidi miliampia 20. Kinachouzuia mkondo ni rezista, kipande kidogo kinachowekwa njiani mwa umeme, na hesabu ya ukubwa wake ni nyepesi: 9 toa 2 unabaki na 7, gawa kwa 0.02, jibu ni omu 350. Kwenye daftari hiyo ni tiki. Sasa akaitafute hiyo rezista ya omu 350. Kwenye boksi la rezista za kawaida haimo, kwa sababu viwanda huzitengeneza kwa ngazi zilizopangwa: kuna 330, halafu kuna 390. Achukue ipi? Ya 330 itapitisha kama miliampia 21, ya 390 itapitisha kama 18. Na betri ikiwa mpya kabisa huwa inazidi volti 9 kidogo. Anayejali taa idumu atachukua 390 na kukubali mwanga upungue kidogo. Lakini lazima aseme kwa nini, maana hakuna ukurasa wa majibu nyuma ya kitabu. Kuamua hivyo, pale ambapo jibu sahihi halipatikani na yapo mawili yanayokaribia, ndiyo kazi ya fundi, mhandisi, daktari na mhasibu kila siku.

Wazo lenyewe si geni. Finland iliingiza kazi za mikono katika masomo ya lazima ya shule mwaka 1866. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alifungua shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896, watoto wakajifunza hesabu na sayansi kupitia upishi, ushonaji na useremala. Mwaka 1918 Mmarekani mwingine, William Heard Kilpatrick, akaandika makala iliyolipa jina la "mbinu ya mradi" umaarufu, akisisitiza kazi anayoifanya mtu kwa moyo wote, kwa lengo, akiwa kati ya watu. Hilo la kuwa kati ya watu ndilo tuliloliacha njiani.

Na mtu asidhani ni lazima shule itoe kila kitu. William Kamkwamba wa Malawi aliacha masomo kwa kukosa ada katika kipindi cha njaa ya 2001 na 2002. Akawa anakwenda maktaba ndogo, akakuta kitabu cha kiada chenye picha za mitambo ya upepo. Kiingereza kilimpa shida, akaifuata michoro. Akaunda mtambo kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, dainamo, na mabomba ya plastiki aliyoyapasha moto na kuyanyoosha yawe mapanga, akawasha taa nyumbani kwao. Baadaye alirudi shule na mwaka 2014 akahitimu chuo cha Dartmouth, Marekani. Angalieni vitu viwili kwenye kisa hicho: kulikuwa na nyumba yenye giza, na kulikuwa na kitabu. Mikono peke yake isingetosha.

Sitaki uzi huu uwe wa sayansi tu. Sanaa inafundisha kazi kwa namna ambayo wengi hawaipi heshima yake. Animesheni ya kusogeza vinyago mbele ya kamera ya simu kwa kawaida hupigwa picha 12 kwa kila sekunde. Dakika moja ni picha 720. Kundi likishaielewa namba hiyo, lenyewe linaanza kufupisha hadithi, kupanga matukio kwenye karatasi kwanza, kumchagua mtu wa kuilinda simu isitikisike na mwingine wa kulinda taa isibadilike. Hakuna mwalimu aliyewahutubia kuhusu mipango.

Vipindi vya sauti navyo ni hivyohivyo. Wape wanafunzi kazi ya kuwahoji wazee kuhusu ufundi waliofanya ujanani, kipindi kisichozidi dakika 8, na wazee haohao waje kukisikiliza. Watajifunza kuomba ridhaa kabla ya kurekodi. Watajifunza kwamba chumba kitupu kinarudisha mwangwi na chumba chenye mapazia na magodoro kinatulia. Watajifunza kukiweka kipaza sauti pembeni kidogo ya mdomo, kwa sababu herufi P na B zinapuliza. Kazi nzito itakuja kwenye kukata: dakika arobaini za maongezi, ubakishe nane, na mzee akizisikia aseme naam, hayo ndiyo niliyosema. Insha ngapi zinamdai mwanafunzi uaminifu wa namna hiyo?

Karibuni.

Mpenda_Hesabu

Mkuu, umeandika vizuri, lakini niruhusu nipinge. Mimi nafundisha madarasa ya mtihani. Muda hautoshi. Zaidi ya hapo, wapo watafiti waliolichambua jambo hili: mwaka 2006 Kirschner, Sweller na Clark waliandika kwamba kumwachia mwanafunzi mchanga agundue mwenyewe kwa maelekezo machache hakufanyi kazi, kwa sababu kumbukumbu ya muda mfupi inabeba vitu vichache sana kwa wakati mmoja. Mtoto asiyejua sheria ya Ohm (volti gawa kwa mkondo unapata ukinzani, ndiyo hesabu ya taa yako) utampaje saketi? Atacheza tu, kipindi kitaisha.

Mwalimu_Karakana

Mpenda_Hesabu, hoja yako ni nzito na nakubaliana na sehemu yake kubwa. Kumtupia mtoto vifaa na kumwambia "gundua" ni kumtelekeza. Sheria ya Ohm ifundishwe waziwazi, kwa mifano iliyokokotolewa hatua kwa hatua ubaoni, mpaka wengi wameishika. Ndipo taa ije. Ninaona mradi ukiharibika kwa njia mbili: mwalimu asipofundisha kitu, au akiamua kila kitu mwenyewe na kuwaachia wanafunzi kubandika gundi.

Kuhusu mitihani, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Walilinganisha madarasa ya sekondari yaliyofundishwa masomo mawili, la mazingira na la serikali, kwa miradi iliyopangwa vizuri, na madarasa yaliyofundishwa kwa njia ya kawaida. Uwiano wa wanafunzi waliopata alama ya kufaulu katika mtihani wa AP wa masomo hayo, unaofanywa nchi nzima, ulikuwa juu kwa pointi 8 za asilimia upande wa miradi, tangu mwaka wa kwanza. Ila walimu wale walipewa mtaala ulioandaliwa na mafunzo ya kuendelea. Hawakuambiwa tu "fanyeni miradi" halafu wakaachwa.

Kwa muda mdogo, fanya mmoja kwa muhula. Mmoja mzuri.

Mama_Watatu

Mwalimu, asante kwa somo. Mimi ni mzazi. Hilo la mzazi kutengeneza mfumo wa jua usiku naomba ulijadili kwa upande wetu pia. Kazi inaletwa nyumbani jioni, inatakiwa kesho, mtoto ana miaka tisa, hajui hata kushika kisu cha kukatia kadibodi. Usipomsaidia anakwenda kulia shuleni, na yule aliyesaidiwa anasifiwa mbele ya wenzake. Nifanyeje?

Mwalimu_Karakana

Mama_Watatu, una haki kabisa kulalamika, na kosa hapo ni la anayetoa kazi. Mradi wa watoto wa umri huo ufanyike darasani, mwanzo hadi mwisho, na vifaa vikae shuleni. Ukipelekwa nyumbani unapima muda na vifaa vya mzazi.

Mpaka shule ibadilike, shika hivi: kilicho hatari kifanye wewe, yaani kukata kwa wembe, moto, na gundi ya kuyeyusha. Kilichobaki mikono yako isiguse. Akikwama, muulize anataka kitu chake kifanye nini, amejaribu nini mpaka sasa, na nini kilitokea alipojaribu. Mara nyingi akifika kwenye jibu la tatu anakuwa ameshaona njia. Na gari lake la kadibodi likienda upande, liache liende upande. Mwambie aandike kwenye daftari kwa nini anafikiri linakwenda upande. Mwalimu anayejua kazi yake ataithamini sentensi hiyo kuliko gari lililonyooka la baba.

Kuhusu kusifia mbele ya wenzake, yupo mwalimu Mmarekani aliyekuwa pia seremala, Ron Berger, anayesisitiza kwamba maoni juu ya kazi ya mwenzako yawe ya upole, yawe mahususi, na yawe na msaada. "Nzuri sana" haina msaada. "Herufi za juu zinasomeka kutoka nyuma ya darasa, za chini hazisomeki" ina msaada, na mtoto wa miaka tisa anaweza kuisema. Darasa likishazoea hivyo, rasimu ya pili, ya tatu na ya nne ni mambo ya kawaida, na rasimu ya kwanza haimwaibishi mtu. Mimi naamini ujuzi mwingi unapatikana kati ya rasimu ya kwanza na ya tatu, na hapo ndipo shule nyingi zinapokatisha kazi kwa sababu alama zimeshawekwa.

Mkutubi

Wakuu, nichangie upande wa fursa za mtandaoni, maana zipo kazi za kweli zinazopokea wanafunzi wakiwa na intaneti na usimamizi tu.

Ya kwanza ni Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Makala nyingi ni fupi na nyingine hazina vyanzo. Kundi la wanafunzi likichukua makala moja na kuiongezea maelezo yenye vyanzo vinavyoaminika, linajifunza kutofautisha taarifa na maoni, kunukuu, na kuandika kwa ufupi. Wakinakili kutoka mahali, walichonakili kitaondolewa. Wakiandika bila chanzo, kuna mtu atauliza. Kujibu hoja za mhariri usiyemfahamu, kwa adabu na kwa ushahidi, ni shule tosha.

Ya pili ni OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza mwaka 2004. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti mwaka 2010, watu wa kujitolea walichora barabara na majengo kutoka kwenye picha za setilaiti, na waokoaji wakazitumia ramani hizo. Mwanafunzi anaweza kuanza na njia na majengo yanayoizunguka shule yake, kisha akatembea na kuhakikisha majina kwa miguu.

Wanaopenda sayansi wana GLOBE, mpango ulioanza kazi mwaka 1995, ambapo shule hupima hali ya hewa, maji na udongo kwa utaratibu mmoja na kutuma vipimo kwenye hifadhidata inayotumiwa na watafiti. Ipo pia Zooniverse, tangu 2009, ambako unaainisha picha za wanyama, za galaksi au maandishi ya kale pamoja na watu wengine wengi.

Tahadhari moja: wanafunzi wadogo wasitumie majina yao kamili, na wasipandishe picha za wenzao.

Kijana_wa_Saketi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Shuleni kwetu hakuna karakana wala klabu. Napenda umeme na programu za kompyuta. Naanzia wapi peke yangu? Na nikija kuomba chuo au kazi, nitaonyesha nini?

Mwalimu_Karakana

Marahaba kijana. Anza kwa kutengeneza vilivyoharibika. Redio ndogo, tochi, feni ya betri. Fungua, chora kilivyokaa kabla hujatoa skrubu hata moja, halafu ndiyo uguse. Microwave usiifungue, hata ikiwa haijachomekwa: kapasita yake, kifaa kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na chaji ya kuua. Runinga za zamani zenye kioo kinene vilevile, achana nazo. Chuma cha kulehemia hupanda hadi kama nyuzi 350 za sentigredi, kwa hiyo vaa miwani, fungua dirisha, nawa mikono baadaye.

Kwa programu, Scratch ni bure, chuo cha MIT cha Marekani kiliitoa mwaka 2007, usiidharau kwa kuwa ina katuni. Ukishaizoea, ingia Python, lugha ya programu ya kuandika kwa maneno. Siku ukipata Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki unayoipa programu, iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, utaunganisha programu na vitu halisi: kihisio cha unyevu wa udongo, kengele ya tangi kujaa. Kisha mtafute mtu mmoja mwenye tangi linalofurika. Mtengenezee yeye.

Cha kuonyesha ni daftari. Andika tarehe, ulichotaka, ulichofanya, kilichotokea, utakachobadilisha. Piga picha za matoleo yaliyoshindwa pia, usiyafiche. Anayekuhoji akiona toleo la kwanza lilivuja, la pili likashika kutu, la tatu linafanya kazi, anaona namna unavyofikiri. Cheti hakimwonyeshi hilo.

Mpenda_Hesabu

Nimerudi. Mwalimu, umenisogeza kidogo. Nina maswali mawili ya mwisho. Kazi ya kundi unaisahihisha vipi, ilhali tunajua mmoja anafanya na wanne wanaandika majina? Na ripoti siku hizi zinaandikwa na akili mnemba.

Mwalimu_Karakana

Maswali yote mawili yana dawa moja: maelezo ya mdomo kwa kura. Siku ya kukabidhi, andika sehemu za mradi kwenye vikaratasi, kila mwanakundi avute kimoja na aieleze hiyo iliyomwangukia, hata kama aliyeifanya ni mwenzake. Wakilijua hilo tangu siku ya kwanza, wanafundishana wenyewe, kwa sababu alama ya kila mmoja inategemea mwenzake kuelewa. Aliyeandikiwa ripoti na akili mnemba hawezi kukueleza kwa nini walitoka kwenye rezista ya 330 wakaenda 390. Ripoti yenyewe ipe alama chache. Daftari la kila wiki lipe nyingi zaidi, na uwe unalisaini kila wiki, siyo mwishoni.

Halafu mwite mtumiaji, yule mwenye tangi au wale watoto wa benchi, aseme baada ya kutumia kwa muda. Kama benchi limeanza kuyumba, wanafunzi warudi walitengeneze. Marudio hayo yahesabiwe ndani ya mradi.

Wewe wa hesabu nina mradi wako hasa, na hauhitaji karakana: kupima mzunguko wa dunia kama alivyofanya Eratosthenes, msomi wa Kigiriki wa kale, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Tafuta shule nyingine iliyo mbali kaskazini au kusini mwa kwenu. Siku moja, kila shule isimamishe fimbo ya mita 1 wima kabisa, na ipime kivuli kila dakika chache kuelekea mchana hadi kivuli kifupi kuliko vyote kipatikane. Msifuate saa ya ukutani, mchana wa jua hauangukii saa sita kamili kila mahali. Urefu wa kivuli gawa kwa urefu wa fimbo, tafuta pembe kwa tanjiti. Toa pembe ndogo kwenye kubwa. Umbali wa kaskazini-kusini kati ya shule zidisha kwa 360, gawa kwa tofauti hiyo. Mkipata karibu na kilomita 40,000, mko vizuri.

Mambo mawili yatawasumbua, na ni vizuri yawasumbue. Vivuli vikielekea pande tofauti, kimoja kaskazini na kingine kusini, pembe zinajumlishwa badala ya kutolewa. La pili, kosa la sentimita 1 kwenye kivuli kifupi ni zaidi ya nusu digrii, na digrii moja ardhini ni kama kilomita 111. Kwa hiyo shule zikiwa karibu, kosa dogo linavuruga jibu lote. Waachie wanafunzi wenyewe wakokotoe umbali wa chini unaofaa kabla ya kuchagua shule ya kushirikiana nayo.

Mpenda_Hesabu

Huu naufanya muhula ujao. Mwalimu yeyote mwenye darasa lililo tayari aandike hapa chini latitudo ya shule yake tu, bila jina la shule, tuone nani yuko mbali vya kutosha na nani.